Mpango wa Kazi ni Wako, Si wa Afisa

(Muziki wa kufungulia, unashuka polepole.)

Leo tunazungumzia karatasi moja: mpango binafsi wa kazi.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa pili kambini niliitwa kuandikishwa kwa mafunzo ya ufundi. Mama aliyenipokea aliuliza, "Unajua kufanya nini?" Nikajibu, "Sijui kitu, mama. Nimesoma sekondari tu." Akaandika alichosikia, nikapelekwa kushona. Sikumwambia kwamba kule nyumbani nilikuwa nikitengeneza redio za majirani tangu nina miaka 14. Miezi sita nilipigana na cherehani, na cherehani ikashinda. Kumbe kuna mtu aliyependa kushona, naye alikosa nafasi kwa sababu niliishika mimi.

Sasa tuangalie wenzetu walioko Ujerumani. Kule, mtu asiye na kazi anayesaidiwa na serikali huenda kwenye ofisi iitwayo Jobcenter. Hawaanzi na orodha ya kazi. Wanaanza na mazungumzo: umesoma nini, umefanya kazi gani, lugha umefika wapi, nini kinakuzuia, labda watoto wadogo au ugonjwa. Kisha wanaandika pamoja lengo na hatua za kufika pale. Ofisi itafanya hili, kwa mfano kukutafutia darasa la lugha. Wewe utafanya lile, kwa mfano kupeleka barua za maombi.

Zamani karatasi hiyo ilikuwa mkataba wa kisheria. Julai 2023 ikabadilishwa, ikaitwa Kooperationsplan, yaani mpango wa kushirikiana. Huandikwa kwa maneno rahisi, na hupitiwa upya kila baada ya miezi sita au mapema zaidi. Mpango huo ulipoanza, mliposhindwa kuelewana uliweza kuomba mpatanishi. Lakini si mchezo: anayepuuza wajibu wake anaweza kupunguziwa posho.

Utasema, "Huku kwetu hakuna Jobcenter." Ni kweli. Tena sheria hazifanani. Uganda, sheria ya wakimbizi ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Kwingine, hata kutoka kambini ni lazima upate kibali. Kwa hiyo uliza kwanza unaruhusiwa nini hapo ulipo. Na tusidanganyane: mpango hauleti kazi mahali ambapo kazi hazipo. Unakusaidia tu usipitwe na nafasi inayokufaa siku itakapokuja.

Chukua daftari, andika mambo manne.

Moja: ninachojua kufanya, hata kama sina cheti. Kulima, kusuka nywele, kutafsiri, kutunza hesabu za kikundi, vyote ni kazi.

Mbili: ninachotaka kufikia kwa miezi sita. Usiandike "kazi nzuri". Andika "kutengeneza simu sokoni".

Tatu: kinachonizuia. Lugha, mtoto, vifaa, au karatasi zilizobaki nyumbani tulipokimbia.

Nne: hatua ya wiki hii, moja tu, na mtu nitakayemwona.

Ukiitwa ofisini, nenda na daftari hilo. Kabla ya kutia sahihi, omba usomewe walichoandika. Kama sicho ulichosema, sema kwa heshima, "Naomba tusahihishe." Hapo hujakosa adabu.

Mimi nilirudi mwaka uliofuata, nikasema ukweli kuhusu redio. Nilianza kwa kubeba nyaya za studio hii. Leo mnanisikia.

Usiku huu, muulize mtu wa nyumbani kwako: "Mimi najua kufanya nini?" Utashangaa atakayoyataja. Yaandike yote.

Tukutane wiki ijayo, saa ileile. Kaeni salama.

(Muziki wa kufungia.)