Diploma ya Masomo Sita



Nimeombwa nizungumzie diploma ya Bakaloria ya Kimataifa, ambayo wengi huiita IB, kwa kuwa binti wa dada yangu, mzaliwa wa Nkwenda wilayani Kyerwa, aliisomea Moshi. Nitasema kwa ufupi, maana harufu ya ndizi imekwisha kutufikia.

Diploma hii ilianzishwa Geneva, Uswisi, mwaka 1968, ili cheti kimoja kikubalike katika vyuo vikuu vya nchi nyingi. Sisi tuliotoka hapa kwenda kidato cha tano tulichagua tahasusi. Mimi nilichukua PCB, na tangu siku ile hakuna mwalimu aliyeniuliza tena habari za Mukama Rumanyika. Ni kweli mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi kutoka 16 hadi 65, lakini uzito bado uko kwenye masomo matatu. Mwanafunzi wa IB hubeba sita kwa miaka miwili: fasihi ya lugha yake, lugha ya pili, somo la jamii kama historia au uchumi, sayansi, hisabati, na la sita ni sanaa au jingine alipendalo. Matatu husomwa kwa kina zaidi. Hakuna wa kuikimbia hisabati! Kila somo lina alama 7. Ukiongeza 3 za ziada jumla ni 45, na chini ya 24 hupati diploma.

Hizo 3 za ziada ndizo zilizomtoa jasho binti yetu. Kuna somo la kuhoji tunajuaje yale tunayodai kuyajua, na kuna insha ya maneno 4,000 ambayo mwanafunzi huitungia swali mwenyewe. Yeye alichagua ufuaji chuma katika Karagwe ya kale. Likizo nzima alikuwa Bweranyange na daftari lake, akiwauliza wazee kwa Kinyambo, kisha akalinganisha majibu yao na maandishi ya Speke, aliyefika kwa Rumanyika mwaka 1861. Wazee wawili walipopingana, alinipigia simu nimwambie yupi mkweli. Nilimjibu ayaandike yote mawili, aeleze kwa nini anamwamini mmoja.

Tena sharti pawe na ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma kwa jamii. Waliosoma enzi za Elimu ya Kujitegemea nawaona wanacheka; kwetu jembe lilitosha kwa yote matatu.

Sasa fedha. Karo ya shule hizi haibebeki kwa kahawa ya mzee wa Kaisho, sitawadanganya. Lakini shule ile ya Moshi, iliyoanzishwa mwaka 1969 na yenye tawi Arusha, iliingia katika umoja wa UWC mwaka 2019, na kamati ya umoja huo nchini huchagua vijana na kuwatafutia msaada kwa kadiri ya uwezo wa mzazi. Nafasi ni chache, na usaili ni mkali. Anayetaka chuo cha hapa nchini hupeleka matokeo yake Baraza la Mitihani yakalinganishwe.

Nakala ya insha ile nimemkabidhi mwalimu wa maktaba. Vijana wa kidato cha nne, kabla ya kujaza fomu za tahasusi, someni walau ukurasa wa kwanza, mwone swali alivyolipanga.