Gari Lapita, Halisimami

Kituo cha gari la moshi chaweza kufa na reli yake ikabaki hai. Hayo ndiyo yaliyokipata kituo cha Nagongera, magharibi ya mji wa Tororo nchini Uganda. Mabehewa ya mizigo yatokayo Malaba kwenda Kampala hupita hapo, lakini mwanakijiji mwenye mkungu wake wa ndizi hana pa kukata tiketi.

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, mazao ya Uganda yalivushwa ziwani kwa meli. Mwishoni mwa miaka ya 1920 njia mpya ya kupitia Nakuru na Eldoret ilivuka mpaka ikaingia Tororo, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Wakoloni hawakuijenga kwa huruma. Walitaka pamba ifike Mombasa kwa gharama ndogo, na mkulima ndiye aliyetoa jasho. Hata hivyo, mkulima huyo huyo alijifunza kuitumia: alipanda daraja la tatu akaenda kuuza, kutibiwa, kuzika na kuoa.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika moja la reli likagawanywa. Karakana kuu ikabaki Nairobi. Uganda ikaachiwa njia ndefu, vipuri haba, na punde vita. Mwishoni mwa miaka ya 1990 magari ya abiria yalisimamishwa. Mwaka 2006 reli za Kenya na Uganda zilikabidhiwa kampuni ya binafsi kwa mkataba wa miaka 25. Haikumaliza hata nusu yake. Abiria wa kijijini, tuseme kweli, hakuwa katika hesabu za mtu.

Mizigo iliyoikimbia reli imeangukia barabara. Mji wa Busia, ambao haujapata kuwa na reli, umekuwa mji wa malori. Mwaka 2020, madereva walipokuwa wakipimwa korona, foleni ya Malaba ilihesabiwa kwa makumi ya kilomita, ilhali reli ilikuwa kando yao.

Mwaka 2023 Uganda ilianza kuifufua njia ya Tororo hadi Gulu, yapata kilomita 375. Ni jambo jema. Twasikia habari za tani zitakazobebwa. Sisi twauliza pia: katika vituo vidogo vya njia hiyo, na pale Nagongera, je, gari litasimama?