Kabla ya Kukoga Mwaka
Mazungumzo ya kamati ya fedha mbele ya mkutano wa mwaka wa jumuiya



Tumepewa dakika kumi, na wahasibu wakipewa dakika kumi watu huanza kuutazama mlango. Kaeni. Leo hatusomi jedwali. Taarifa ya mapato na matumizi imechapwa, kila mmoja atakwenda nayo nyumbani akaisome kwa nafasi yake.

Sisi watu wa Makunduchi hatuna upungufu wa miaka mipya. Januari tunapeana heri pamoja na dunia nzima. Muharram unaandama na mwaka wa Kiislamu unaanza. Tarehe 1 Julai Serikali inafungua mwaka wake wa fedha. Na mwezi huo huo wa Julai tunarudi shamba kukoga mwaka wetu wenyewe. Kama baraka zingekuja kwa idadi ya miaka mipya, leo tusingekuwa hapa tunachangishana.

Tulio katika kazi za hesabu mjini tunakijua vizuri kipindi hicho. Usiku wa tarehe 30 Juni ofisini hapalaliki: hati zinatafutwa, salio la benki linalinganishwa na daftari, kila mwenye masurufu anaulizwa stakabadhi ziko wapi. Hayo yakiisha tunapanda gari kwenda kwetu, kuona mwaka ukifungwa kwa namna nyingine.

Na hesabu ya mwaka wetu ni hesabu nzuri, tunasema hivyo kama watu wa fani. Wazee walihesabu miongo, yaani siku kumi kumi, kuanzia siku ya mwaka. Miongo 36 ni siku 360, zinabaki tano, jumla 365. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 au 355, kwa hiyo hauwezi kumwambia mkulima lini apande, wala nahodha lini upepo wa kusi utashika. Nairuzi iliweza. Ina kasoro moja ndogo, haina ile siku ya ziada ya kila miaka minne, kwa hiyo kwa hesabu yake ya asili hurudi nyuma pole pole ukiilinganisha na kalenda ya ofisini. Mkaguzi angeiandikia hoja. Wazee wala wasingemjibu.

Tunalotaka kulizungumza khasa ni lile la uwanjani. Watu wa upande wa kaskazini na wa kusini wanakutana, wanapigana kwa migomba. Mgeni mwenye kamera anaona fujo. Sisi tunajua kwamba mwenye lake moyoni analitoa pale, juu ya ndugu au juu ya jirani, na likishatoka pale halirudi naye nyumbani. Kinamama wanapita na nyimbo zao za mafumbo, na wapo wanaume ambao wangeona nafuu kupigwa mgomba kuliko kutajwa humo. Kibanda cha makuti kinatiwa moto, aliyemo ndani anatoka mbio. Watu wanakwenda pwani kukoga, na kila nyumba inataka iwe na mgeni wa kula naye.

Kinyongo kinaondoka na maji. Lakini hatujapata kusikia mtu aliyekwenda dukani siku ya pili akamwambia mwenye duka: bwana, mwaka tumeshakoga, lile deni la unga nalo limekwenda na maji. Deni linavuka na mwenyewe. Vitabuni ni hivyo hivyo, salio la kuanzia tarehe 1 Julai ni lile lile la kufungia tarehe 30 Juni, halipungui hata senti kwa sababu ya heri ya mwaka mpya.

Ndani ya jumuiya yetu mambo yamegeuka. Vinyongo ndivyo vinavyobebwa mwaka hadi mwaka, na madeni ndiyo yanayokogwa.

Banda la skuli mnalijua. Madarasa mawili na chumba cha maabara, limesimama kwenye lenta, na masika mbili sasa zimelinyeshea. Watoto wanacheza ndani yake na mbuzi wanajikinga jua. Ukikaa na walioko mjini utaambiwa kuwa wa shamba wameacha kujitokeza kwenye kazi za mikono. Ukikaa barazani shamba utaambiwa kuwa wa mjini wamekula fedha, na anayesema hivyo anapunguza sauti akituona tunapita. Maneno yote mawili tumeyasikia mara nyingi. Katika mkutano hatujayasikia hata mara moja.

Sasa ahadi. Siku ya harambee mtu anasimama, anaahidi shilingi 100,000, watu wanapiga makofi. Akilipa 40,000, daftari linaonesha 40,000. Makofi hayana safu yake. Hizo 60,000 zilizobaki tunaziandika pembeni kama ahadi, na kila mwaka zinahamia ukurasa mpya pamoja na jina lake. Baada ya miaka mitatu mtu huyo haji tena mkutanoni. Anaona haya. Tumepoteza fedha, na mtu pia tumempoteza, na kati ya hasara hizo mbili ya pili ndiyo inayotuuma zaidi.

Wapo pia wanaohesabiwa wadaiwa na kumbe wamelipa. Fedha nyingi siku hizi zinaingia kwa simu, nazo zinaingia kwa jina la mwenye simu. Mama amempa mjukuu wake fedha atume, mjukuu ametumia simu ya rafiki yake, kwetu limeingia jina ambalo hakuna anayelijua. Fedha hizo zipo, hazijaguswa, tumeziweka kwenye ukurasa wake peke yake. Tunawaomba wenyewe wajitokeze na ujumbe wa simu waliotumiwa, ili majina yao yasafishwe.

Jengine ni tarehe za michango. Sisi wa mishahara tuliweka mwisho wa mwezi kwa sababu ndipo sisi tunapopata. Kinamama wa mwani na wanaokwenda pweza fedha yao inafuata bamvua, na bamvua haliulizi tarehe. Kumwandika mama mchelewaji kwa kuwa maji hayajatoka vizuri ni hesabu sahihi na ni dhulma. Kamati inapendekeza kila kikundi kijichagulie siku yake. Shilingi 1,000 kwa wiki, kwa yeyote atakayeiweza, ni 52,000 kwa mwaka, na hatujali ziingie siku gani.

Limeletwa pendekezo la kununua basi la jumuiya. Ni wazo zuri na walioleta tunawaheshimu. Ila kamati ya fedha inaomba jalada la basi lisifunguliwe kabla ya banda kuezekwa. Wanaotakiwa kulitumia banda hilo wako darasani sasa, wengine wanabanana na wengine wanasubiri zamu ya mchana, na mwaka wao wa masomo hautarudishwa.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Kabla ya siku ya mwaka, kila ahadi iliyobaki itafutiwe jibu moja: ilipwe, au ipangiwe tarehe mpya kwa maandishi, au mwenyewe aseme kuwa haiwezi na ifutwe. Atakayeomba kufutiwa hatatajwa popote, na tutamkaribisha kwenye mkutano unaofuata kama kawaida. Hali za watu zinabadilika, sote tuna watoto na wagonjwa.

Na hesabu tutazisoma Makunduchi kwenyewe, mbele ya banda, asubuhi, na stakabadhi zote za saruji, matofali na nondo zitakuwa mezani. Mwenye swali kali aje nalo hapo, alitoe lote, hata kama linatuhusu sisi wa kamati. Tutajibu mpaka maswali yaishe.

Wa Dar es Salaam na wa Oman wasioweza kufika wampe jamaa yao barua, au watume ujumbe kwa katibu wakiandika jina kamili na jina la kijiji, Kajengwa au Nganani au kokote. Daftari la ahadi liko kwa mweka hazina kuanzia leo. Mkitoka, lipo kwenye meza ile ya karibu na mlango, na kalamu mbili.