Nani Yuko Mbali na Chungu cha Kwao? Kufunguliwa, Kufungwa na Kubadilika kwa Migahawa ya Tukuyu na Masukulu



1. Utangulizi

Kuna banda moja la mabati, njia ya kuingilia Masukulu hapa Rungwe, ambalo nimelijua likiwa na wenyewe watatu. Wa kwanza aliuza chai ya maziwa na maandazi kwa vijana wa bodaboda. Akafunga. Akaja mama mwingine na wali maharage, wakati mafundi wa kalvati walipopiga kambi. Kalvati likaisha, mafundi wakahama, na banda likageuka stoo ya mikungu ya ndizi. Sasa hivi kijana mmoja kaweka karai la mafuta na kabati la kioo, anakaanga chipsi.

Kila banda hilo lilipofungwa, mtaani zilitajwa sababu tatu zilezile: hakujua kupika, ana dharau kwa wateja, au karogwa. Mimi nimekula kwa wote watatu. Wote walijua kupika.

Hoja ninayoileta ni hii: mgahawa wa mtaani unaishi kwa mtu aliye mbali na chungu cha kwao. Mtu huyo akiwepo, hata wali ulioshika chini utanunuliwa. Akiondoka, mpishi hodari atafunga. Anayetaka kujua kwa nini migahawa yetu inafunguliwa, inafungwa na kubadilika aanze kwa kuuliza mtu huyo ni nani, kaja kufanya nini na ataondoka lini.

Kwa neno mgahawa nakusudia mahali popote panapouzwa chakula cha kuliwa palepale. Neno lenyewe, ambalo wenzetu wa Kenya wanalitamka mkahawa, limetokana na kahawa, ingawa kwetu unaweza kumaliza mwaka mzima mgahawani bila kuonja kahawa. Watu wa hapa husema “naenda hotelini” hata kama hoteli ni benchi mbili, meza yenye kitambaa cha nailoni na jagi la kunawia. Mwenye nayo ni mama ntilie, jina lililotoka kinywani mwa mteja mwenyewe: “Mama, nitilie.” Kwenye barua za ofisini huandikwa mama lishe.

2. Katika wilaya ya chakula, nani ananunua chakula?

Rungwe hupata mvua nyingi, sehemu nyingine zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Nyuma ya nyumba kuna migomba, kando yake magimbi, mbele kidogo maharage na viazi, na kwa wengi yupo ng’ombe wa maziwa. Mwenye vyote hivyo hana sababu ya kutoa pesa mfukoni ili ale ndizi saa saba mchana. Atarudi nyumbani.

Anayenunua ni yule ambaye nyumbani ni mbali. Kwa Tukuyu na maeneo ya jirani ni dereva na abiria wa barabara ya Uyole hadi mpakani Kasumulu. Ni mwanachuo wa Chuo cha Ualimu Tukuyu au wa Mpuguso. Ni ndugu anayeuguza mgonjwa hospitali ya Makandana au ya Igogwe. Ni mchuma chai wa Katumba aliyehamia kwa msimu. Kwa Masukulu ni mwalimu aliyepangiwa kazi huku na hajaleta familia, fundi ujenzi, kijana wa bodaboda, mnunuzi anayesubiri lori lake la ndizi lijae, na mtu aliyekuja gulioni tangu alfajiri.

Hapo utaona kwa nini katika nchi ya ndizi, sufuria inayowahi kuisha hotelini ni ya wali. Mchele wa Kyela hupanda mlima kuja kwetu, na ndizi zetu husafiri kwenda Mbeya na Dar es Salaam. Mtu akitoa pesa anataka kile ambacho chungu cha kwao hakimpi kila siku. Ndizi nyama huuzika kwa mgeni. Mwenyeji huiagiza siku ya sherehe.

3. Kula nje si jambo geni kwetu

Wapo wazee wanaosema kula hotelini ni tabia ya kuiga. Sikubaliani nao kabisa. Monica Wilson, aliyefanya utafiti hapa kwetu Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey kati ya mwaka 1934 na 1938, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951 jinsi vijana wa rika moja walivyotoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao pembeni. Walilala huko, lakini kabla ya kuoa walirudi kula kwa mama zao, wakienda kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Raha hiyo ya kukaa na kula pamoja na wenzako iliitwa ukwangala.

Kwa hiyo mtu wa huku kula nje ya nyumba yake, na wenzake, kwa mama asiyemzaa, ni jambo la zamani. Kilichobadilika ni kwamba mama huyu wa leo kanunua mchele. Ugumu mwingi wa biashara yetu unatokana na mteja anayekuja na moyo wa ukwangala kwenye sufuria iliyopikwa kwa mtaji. Nitalirudia jambo hili nikifika kwenye hesabu.

4. Mambo matatu yanayofungua na kufunga

Barabara na ratiba. Mgahawa wa stendi hauko mahali tu, uko pia kwenye saa. Kwa miaka mingi mabasi ya abiria yalikatazwa kusafiri usiku, hivyo ya masafa marefu yaliondoka alfajiri. Wauza supu na chapati walipanga maisha yao kwa saa hizo. Mwaka 2023 marufuku ikaondolewa. Kwa muuza chakula aliyeko njiani badiliko kama hilo ni sawa na kuhamishiwa mteja: aliyezoea kununua supu asubuhi anapita usiku, na aliyelala mapema hamwoni. Hali ni hiyohiyo lami inapofika. Abiria ambaye zamani alikwama kwenye tope akala, sasa anapita kwa dakika chache akiwa ndani ya gari. Lami inaleta wateja palipo na kituo, na kuwapitisha moja kwa moja pasipo na kituo.

Kalenda. Hapa nitajisema mwenyewe. Niliwahi kufungua mgahawa karibu na chuo kimoja. Nililipa pango la mwaka mzima mwezi wa Novemba, nikapaka rangi, nikanunua hotipoti nne. Desemba wanachuo wakaenda likizo. Nilikaa na masufuria yangu nikitazama uwanja mtupu, nikapikia fundi viatu na mlinzi. Nilikuwa nimeangalia idadi ya wanachuo nikasahau kuangalia kalenda yao. Taifa zima lilipata somo hilo mwaka 2020, shule zilipofungwa tarehe 17 Machi kwa ajili ya korona, na nyingi zikafunguliwa tarehe 29 Juni. Muuza maandazi wa getini hakuwa na mteja kwa zaidi ya miezi mitatu, na alikuwa hajakosea chochote jikoni.

Chai nayo, ambayo ina mizizi Kyimbila tangu mwaka 1904, ina kalenda yake: mvua ikinyesha majani huchipua na wachumaji huwa wengi, kiangazi kikishika kazi hupungua. Wapakiaji wa maparachichi huja na kuondoka na msimu. Na ipo kalenda isiyoandikwa, ya msiba. Ukitokea msiba kijijini, mama lishe hafungui, maana hata sufuria zake zimeshaazimwa kupikia waombolezaji. Asiyefanya hivyo, siku yake ikifika jamii nayo haitamjia. Gharama hiyo haimo katika kitabu chochote cha ujasiriamali, lakini sisi tunailipa.

Sera. Wazee waliopo watakumbuka Operesheni Maduka ya mwaka 1976, maduka ya watu binafsi yalipofungwa ili yaje ya ushirika. Mgahawa haukuwa duka, lakini ulitegemea sukari, mafuta na unga wa dukani. Ikaja Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983, na wenye shughuli ndogondogo mijini wakajikuta wanahesabiwa pamoja na wazururaji. Desemba 2018 upepo ukageuka: vikatolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa Sh 20,000, kwa mwenye mauzo yasiyozidi Sh 4,000,000 kwa mwaka. Lakini hebu tupige hesabu. Anayeuza sahani 40 kwa siku, Sh 2,000 kila moja, anapata mauzo ya Sh 80,000. Siku ya hamsini ameshafika milioni nne. Ni mauzo hayo, wala si faida, na yamemtoa kwenye kundi la wadogo kabla mwaka haujafika robo.

5. Hesabu ya sahani arobaini

Tubaki na sahani hizo 40. Tuseme mchele, maharage, mafuta, nyanya, kuni, maji na posho ya msaidizi, ukigawa kwa kila sahani, vinafika Sh 1,600. Faida ni Sh 400 kwa sahani. Zikilipwa zote 40, mama amebaki na Sh 16,000.

Sasa watu watano wanasema, “Mama, niandikie,” na watoto wawili wa nyumbani wanakula wakitoka shule. Sahani saba hazikulipwa. Zilizolipwa ni 33, sawa na Sh 66,000. Sufuria nzima iligharimu Sh 64,000. Mama aliyeamka saa kumi usiku, akapuliza kuni mbichi mpaka macho yakawa mekundu, amebaki na Sh 2,000, bei ya sahani moja. Akiandikiwa wa nane, mama amepika bure. Akiandikiwa wa tisa, mama amewalipa watu waje kula.

Na hao watano ni akina nani? Ni rika lake, shemeji yake, jirani aliyemsaidia kuezeka banda. Hawezi kuwakatalia, na wao hawaoni kama wanamwibia. Ni ukwangala uleule. Deni likikua, mdaiwa huona aibu na kubadili njia, na mama anapoteza deni pamoja na mteja. Hapo ndipo anapokimbilia mkopo wa kausha damu, wenye riba kali, ili anunue mchele wa kesho. Mgahawa wa namna hiyo umeshafungwa, hata kama moshi unaonekana.

6. Kubadilika

Wengi waliobaki wamebaki kwa kubadilika. Nimeona kwetu mabadiliko ya aina tatu. Kwanza, chakula kinahama kutoka sufuria kwenda karai. Chipsi hukaangwa mteja akishafika, hivyo hakuna kiporo cha kumwaga, na viazi viko jirani. Wali ukishaiva unamsubiri mteja. Kiazi kibichi kinaweza kungoja mpaka kesho kutwa. Pili, mama hasubiri tena benchini. Anapigiwa simu, anafunga hotipoti nyuma ya bodaboda, anapeleka shuleni au kwenye jengo linalojengwa, na analipwa kwa simu. Mtu aliye mbali na chungu chake sasa anafuatwa alipo. Tatu, moto. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Kwetu, ambako kuni haziishi maji, mtungi wa gesi umeshaingia kwa chai na mayai. Kwa maharage bado: mama anayepima gesi kwa kuinua mtungi na kuutikisa hataukabidhi sufuria inayochemka kwa saa tatu.

7. Mapendekezo

Kabla ya kupiga bati la kwanza, kaa mahali hapo siku tatu: siku ya gulio, siku ya kawaida na siku ya mvua. Hesabu wanaopita kati ya saa sita na saa nane ambao hawawezi kurudi kwao kula.

Pango lilipwe kwa msimu pale mwenye banda anapokubali, lisiwe la mwaka.

Tusione haya kufunga kwa mpango. Chaki na kibao vinatosha: “Tumefunga, tutafungua shule zikifunguliwa.” Aliyefunga kwa tangazo anarudi na wateja wake. Aliyetoweka anaanza upya.

Daftari la madeni liwe na kikomo kinachojulikana na wote. Kwa hesabu tuliyoiona, sahani nne za mkopo kwa siku tayari ni nyingi. Watoto wa nyumbani nao waandikwe, ili tujue biashara inawalisha kwa kiasi gani.

Serikali ilirejesha mwaka 2024 mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, baada ya kusimamishwa mwaka 2023. Ombi langu ni marejesho ya vikundi vya mama lishe yapangwe kwa kalenda ya wateja wao. Na bwana afya, zoezi la kupima afya za wahudumu wa chakula lije hapa kata ya Masukulu. Anayekwenda Tukuyu kupimwa hapiki siku hiyo, kwa hiyo analipa mara mbili.

8. Zoezi

Sina neno kubwa la kumalizia. Kabla ya chakula cha mchana, ambacho kimepikwa na wenzetu na naomba kilipwe, kila mwenye mgahawa achukue karatasi. Aandike watu kumi waliokula kwake jana, na mbele ya kila mmoja sababu iliyomweka mbali na kwao, na tarehe ambayo sababu hiyo itakwisha. Atakayeshindwa kuzijaza kumi asifiche karatasi. Mchana tutaanza na yake.