Mgeni Alale Wapi Mombasa?

Ndugu zangu, mara nyingi mwauliza ni mtaa gani ulio mwema kwa mgeni Mombasa. Yafaa kuuliza kwanza: shughuli yako i upande gani wa maji? Mji ule ni kisiwa. Kwenda Nyali kuna daraja, hili la sasa tangu mwaka 1980, lakini watu wa Likoni walio wengi huvuka kwa feri. Aendaye kwa miguu halipi nauli, basi wageni huona kulala Likoni ni rahisi. Illakini mwenye kumpeleka mgonjwa hospitali kuu ya Pwani, iliyoko kisiwani, asilale ng'ambo: asubuhi watu hujazana kivukoni, na mgonjwa hawezi kusimama akisukumwa. Na apange chumba Majengo, hata kikiwa kidogo.

Mji wa Kale ni mzuri, nami naupenda. Lakini vichochoro vyake ni vyembamba, motakaa haifiki kila mlango.

Tena, gari moshi la reli iliyofunguliwa mwaka 2017 huishia Miritini, bara. Afikaye usiku abakize nauli ya kuingia mjini, na kabla ya kulipia chumba aulize kama mfereji watoa maji.