Siku ya Zawadi: Tumpongeze Nani?

(Mazungumzo na wazazi waliohitimu kisomo, kabla ya siku ya zawadi ya shule ya sekondari ya kata)

Ndugu wazazi, ndugu wanakisomo,

Siku ya zawadi ya shule yetu imekaribia. Michango imekwisha pokelewa, na kamati inataka majina ya watu wa kupongezwa. Huko visimani na vilabuni maneno ni mengi. Wako wanaosema, zawadi ni za watoto waliopata daraja la kwanza, basi.

Sisi wa elimu ya watu wazima tunataka kwanza kukiri kosa letu. Mwaka jana tulikuwa katika kamati hiyo hiyo. Tuliwapa madaftari na kalamu watoto watano walioongoza. Makofi yakapigwa, wali ukaliwa, tukaenda zetu. Hatukumtaja mwalimu wa fizikia aliyekuwa akirudi shuleni jioni na taa yake mkononi, kuwafundisha watoto waliobaki nyuma. Baada ya miezi miwili aliomba uhamisho, akaupata. Hakututukana. Alisema tu kwamba hapa hakuna aliyejua kama yupo. Maneno yale yalituuma, ndugu zetu. Na hadi leo kidato cha tatu hawana mwalimu wa fizikia.

Hebu tuwape habari za shule moja ya jirani zetu wa Kenya. Ni shule ya sekondari ya kutwa, inaitwa Keriko, iko Nakuru katika Bonde la Ufa. Kijiji chenyewe kinaitwa Pwani, ingawa bahari haiko karibu hata kidogo! Mvua ikinyesha sana barabara haipitiki. Ukame nao huja. Wanafunzi wengi walitoka katika nyumba maskini, na wengi walikuwa yatima au wenye mzazi mmoja tu. Shule ilikuwa na kompyuta moja.

Pale alifundisha Bruda Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko, mwalimu wa hisabati na fizikia. Yeye na walimu wenzake wanne waliwafundisha watoto wazito kwa ziada, hata mwisho wa juma. Aliwatembelea nyumbani kwao kuona shida zao. Sehemu kubwa ya mshahara wake aliitoa kusaidia wenye shida. Tena aliwafundisha wanakijiji kupanda mazao yanayovumilia ukame.

Je, ilileta nini? Mwaka 2017 wanafunzi 59 walimaliza, na 16 tu wakaendelea na vyuo. Mwaka 2018 walioendelea walikuwa 26. Wanafunzi wake walitengeneza umeme kwa kutumia mimea ya hapo hapo. Wengine walibuni kifaa cha kuwasaidia vipofu na viziwi kupima vitu. Machi 2019, huko Dubai, mwalimu huyo alipewa tuzo ya mwalimu bora wa dunia, dola milioni moja za Marekani.

Sisi hatuna dola milioni moja. Tuna mbuzi wawili na fedha ya soda. Lakini angalieni walichopima wale watoa tuzo. Hawakuuliza tu nani amekuwa wa kwanza. Waliuliza mtu huyu ameanzia wapi na amefika wapi, na amewavuta wangapi pamoja naye.

Sasa turudi kwetu. Mnajua kwamba tangu Novemba 2021 Serikali yetu iliruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni. Yuko mmoja kidato cha pili. Si wa kwanza darasani, ni wa kumi na tisa. Mtoto analelewa na bibi, na bibi huyo ni mwanakisomo mwenzenu, yuko hapa anatusikiliza. Hivi huyo binti hana cha kupongezwa? Na bibi je? Na mpishi anayewasha moto saa kumi alfajiri, kuni zikiwa mbichi?

Mzee mmoja ametuambia, mkimpa kila mtu, zawadi itakuwa kama ubwabwa wa msiba, kila apitaye anakula. Mzee wetu ana haki kusema hivyo. Kwa hiyo hatutaki majina matupu. Kila jina lije na kazi yake: amefanya nini, lini, na nani amefaidika. Na wale wa daraja la kwanza wamo, hatujawaondoa. Wamesoma kwa jasho.

Andikeni wenyewe, kwa mkono wenu. Ndiyo maana tulijifunza. Ukurasa mmoja unatosha, na herufi zikipinda si neno, tutasoma. Mpeni katibu wa kamati kabla ya Ijumaa. Anayeona kalamu bado nzito aje darasani Jumatano saa kumi jioni, tuandike pamoja.

Na barua ya kwanza, ya yule mwalimu aliyehama, tumekwisha ianza sisi. Mwenye anwani ya shule yake mpya atuletee.