Jazi ya Harlem na Muziki wa Watu Wachache



Nimeombwa niseme juu ya utunzi wa muziki wa watu wachache, ule ambao kila mpigaji ana sehemu yake peke yake. Nitamtaja mtunzi mmoja tu.

Mwaka 1922 Mfaransa Darius Milhaud alikwenda Harlem, mjini New York, kusikiliza jazi ya Wamarekani Weusi. Aliporudi Paris akatunga La création du monde, iliyochezwa mwaka 1923. Wapigaji hawafiki ishirini, na mahali pa viola ameweka saksafoni! Kuna sehemu besi kubwa huanza, trombone ikaudaka wimbo ule ule, kisha wengine wakaingia mmoja mmoja. Kanuni hiyo ni ya kale ya Ulaya; mwendo wake ni wa Harlem. Wahakiki wakasema unafaa kwenye mahoteli na madansi. Miaka kumi baadaye hao hao wakausifu.

Lakini jina lililo juu ya noti ni la Milhaud. Wale wapigaji aliowasikiliza hawamo, na hilo silipendi. Basi ninyi wa bendi ya shule, mkitunga kutokana na bendi za mjini kwenu, ulizeni kwanza majina ya wapigaji, myaandike juu ya karatasi, hata wawe wazee wasiojua noti.

Milhaud aliupanga tena muziki huo kwa piano na ala nne za nyuzi. Nakala yake nimeikabidhi maktaba. (Piano ya ukumbini, naambiwa, bado ina vibao vitatu bubu.)